Rundo la Barua za Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Barua arobaini na moja za kupeleka wagonjwa hospitali kubwa. Mchapaji mmoja: mimi. Daktari hujirekodi huku anatafuna biskuti, nusu ya maneno nabahatisha. Kiti nimekiegemeza ukutani kisinibwage. Mgongo unawaka moto! Nimemwomba meneja tena aniongezee mwenzangu. Kasema wa nini, mbona kazi zinatoka? Kumbe kosa langu ni kumaliza! Basi, kuanzia leo sichapi hata moja. Ijumaa anakuja kukagua, alione rundo kwa macho yake. Akili ninazo.

Jumanne, 4 Machi
Sitini na tatu. Nimekunywa chai taratibu kama bosi. Dada wa mapokezi, mdaku namba moja, kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ashughulike na yake.

Jumatano, 5 Machi
Themanini. Raha iliyoje! Ila kaja mama mmoja dirishani, jicho limefungwa kitambaa. Anapasuliwa keshokutwa asubuhi, na bila barua hawampokei. Nikamwambia bado, mama. Akasema haina neno mwanangu, nitarudi kesho. Angenitukana tu, ningepata nafuu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama karudi. Kakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Saa tano nikashindwa, nikachapa yake. Kanishukuru mpaka nikaona aibu. Iliyofuata ni ya mtoto mwenye tatizo la moyo. Chini yake, baba wa figo. Sasa hapo unamruka nani? Siku tatu nimejisifu nina rundo la karatasi, kumbe ni watu, na wote wananingoja mimi. Imeniuma, sifichi. Saa kumi na mbili jioni nimemaliza zote. Dada wa mapokezi kabaki kunisaidia kufunga bahasha. Hakuuliza kitu. Mgongo sina tena.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja kafika. Meza tupu! Kanipa mkono mbele ya watu wote. Kasema mimi peke yangu ni sawa na wachapaji watatu, kwa hiyo kuanzia Jumatatu nichape na barua za kliniki ya meno. Dada wa mapokezi kacheka mpaka kashika ukuta.

Acheke. Kosa langu nimeshaliona: nilianza na wagonjwa mahututi. Jumatatu nagoma upya, safari hii kwa meno. Nani kafa kwa jino? Nitamchapia yule mzee aliyevimba shavu niliyemwona leo mapokezi tu, maana hata uji haupiti. Huyo mmoja hahesabiki.