Mtutu Unaokula Ugali

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Shajara, niwie radhi. Mara ya mwisho nilikuandikia mwezi wa sita, nikaahidi kila siku. Kila siku! Mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu anaitoa wapi kila siku? Ushahidi upo ukurasa uliopita: sentensi moja, halafu mstari wa kalamu unaoteremka hadi ukingoni. Nililala nikiandika.

Leo siwezi kulala. Jumamosi Filip anatoa mtutu.

Nieleze vizuri. Filip ni mstaafu mwenye ndevu nyingi na maneno machache. Anasimamia klabu ya bunduki za kushindilia kule Spånga, hapa Uswidi, chini ya ardhi, kwenye chumba chenye jiko la kuni. Bunduki zenyewe ni kama gobore letu la nyumbani, ila wao huzitengeneza kwa raha zao, halafu wanakunywa kahawa. Yeye ana kibali cha polisi. Mimi naomba changu, bado hakijatoka. Kwa hiyo sheria ni hii: mbao nichonge nyumbani nipendavyo, chuma hakitoki kwenye kabati la Filip.

Ndani ya kabati hilo kuna mtutu mmoja wa pembe nane. Wa zamani, kama ule wa gobore la babu. Mmoja tu! Tunaoutaka ni wawili: mimi na dada Wamaitha, Mkenya wa Bredäng. Waafrika wawili klabu nzima, na tunang'ang'ania chuma kimoja. Filip amesema atampa yule ambaye mtutu utakaa kwenye mbao yake bila kucheza, na utatoka kwa mkono bila kupigwa nyundo.

Wamaitha ana mashine ya kuchongea. Mimi nina patasi, na mwanangu Beverly mwenye mafua ambaye chekechea hawamtaki wiki nzima.

Lakini nina mninga wa Baba. Babu alikuwa fundi wa magobore Sikonge. Gobore la babu mwenyewe Baba alilipeleka serikalini walipotangaza yarudishwe, maana Baba ni mtu wa sheria. Akabaki na kipande cha mninga darini, cha kitako kipya. Mwaka jana akapata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, maneno yanatoka kwa kuhesabu. Akakifunga kile kipande kwenye kanga ya marehemu Mama, akampa mtu wa kunisafirishia. Hakuna kingine. Nikikiharibu, nimekiharibu cha mwisho.

Na mimi nimeshamwambia kwenye simu kwamba gobore linakaribia kuisha. Mdomo huu!

Karakana yangu ni stoo ya makoti hapa nyumbani Rissne. Goodluck, mume wangu, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Anasema wazee wanamuuliza kwa nini ananukia kama jeneza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nina mpango. Mpango mzuri mno. Naogopa hata kuuandika.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapaka mtutu masizi, unaulaza kwenye mfereji wa mbao, unauinua. Palipoingia weusi ndipo panapogusa, unapakwangua. Unarudia. Unarudia tena mpaka uzeeke. Mfereji wote ukiwa mweusi, umemaliza. Filip anatupa saa moja moja, Jumanne na Alhamisi. Saa moja! Wamaitha leo kanitazama nikikwangua, kasema, "Haki mama Bev, hiyo mbao utaikwangua mpaka ikuwe mwiko." Klabu nzima ikacheka, hata wasiojua mwiko ni nini.

Sawa. Kama mtutu hauji Rissne, umbo lake litakuja.

Nilikuwa na ugali mgumu kwenye hotpoti, chakula changu cha jioni. Walipokwenda kunywa kahawa na mikate yao ya iliki nikabaki nyuma. Nikaupaka mtutu mafuta, nikaukandamizia ugali vizuri, pembe zote. Ukatoka na umbo safi kabisa! Nikiweka kwenye kopo, nageuka: Filip kasimama mlangoni na kikombe.

Akauliza ninafanya nini. Ningesema nakopi mtutu wake? Nikasema ni mila. Kwetu mtutu mpya hulishwa kwanza, ndipo ukae na mbao kwa amani.

Filip akavua miwani. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Akamgeukia Wamaitha aliyekuwa nyuma yake, akamuuliza kama na kwao ni hivyo. Nikamwombea Wamaitha aseme ndiyo. Nikamwombea pia aseme hapana. Yule dada kanitazama kuanzia viatuni, akajibu kwamba ndiyo, bila shaka, ila kwao ugali ni chakula cha kila siku tu. Mtutu wa heshima hulishwa githeri, yale mahindi na maharage yao.

Muongo mkubwa!

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa.

Umbo la ugali nililiweka juu ya hita ya jikoni likauke. Asubuhi Goodluck akarudi kutoka kazini. Nimeamka, namkuta mezani na mchicha wa jana, anatafuna. Anashukuru! Anasema siku nyingi hajala ukoko mtamu hivi, mke wangu umenikumbuka. Ila una mafuta ya ajabu, ni siagi ya hapa?

Nikapiga kelele mpaka Beverly akaamka. Goodluck akauliza ni ugali gani huo mwanamke anaulilia. Nikamweleza. Akaacha kutafuna. Akauliza atakufa? Nikamwambia hafi, ila angekufa ningekuwa na sababu.

Kimebaki kipande cha mbele. Cha nyuma, kile kinene, kipo tumboni mwa mume wangu, na mume wangu amelala.

Sikukata tamaa. Nikamimina jasi kwenye kilichobaki, upande wa nyuma nikajazia kwa kukisia. Jicho langu ni zuri, Baba alikuwa akisema hivyo. Beverly alipolala mchana nikaipaka jasi masizi, nikaingia stoo, nikakwangua. Weusi ukaenea mfereji mzima. Mzima! Nikalia kidogo kati ya makoti. Beverly akaamka, akaniona uso mweusi, akasema "Nej, mamma," akafunga mlango. Nikamfuata, nikamkumbatia, tukawa weusi wawili. Nikamwambia nyumbani tunasema hapana. Akasema "Nej."

Jumatano haijaisha, nimeshaota mpango wa pili. Nimempigia Wamaitha. Nikamwambia kwa upole treni ya kwenda Spånga kesho jioni haipo, asijisumbue. Saa yake itakuwa yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Treni ya kwenda Spånga haikuwepo.

Kweli kabisa! Upepo umeangusha mti kwenye nyaya. Nimekaa kituoni Sundbyberg nimekumbatia mninga kama mtoto wa pili, huku ubao wa matangazo ukibadilisha dakika unavyojisikia. Wamaitha, kwa kuwa nilimwambia treni haipo, alimwomba mumewe Kiprono ampeleke kwa gari. Nimefika jasho linatoka, yeye amemaliza, anafunga mkoba. Akanishukuru kwa kumjulisha. Akasema hakujua Watanzania ni wakarimu hivi.

Nikabakiwa na dakika chache. Nikaulaza mtutu.

Unacheza. Mbele umetulia, nyuma unacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake! Pale pale palipoliwa. Nikiinua mbao, ko, ko, ko. Nikawa nakohoa kila ulipogonga. Filip akaniletea maji. Wamaitha akaniangalia kwa jicho moja. Angesema kitu ningepumua.

Mbao ukishaikwangua huirudishi. Nimerudi nyumbani. Baba amepiga simu. Alichosema ni neno moja, kwa taabu: "Imekaa?" Nikasema imekaa, Baba. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ujumbe wa Filip. Amewaambia wanachama wote kuhusu mila. Wote wanakuja. Kesho kabla ya kupima, mimi na Wamaitha kila mmoja ataulisha mtutu chakula cha kwao. Tulete cha kutosha.

Dakika hiyo hiyo Wamaitha kwenye simu, moto. Akaniuliza nimewaingiza kwa shida gani hii, na githeri anachemsha saa ngapi na yeye yuko kazini hadi jioni. Nikamjibu githeri halikutajwa na mimi. Akasema, "Na wewe kikohozi chako kimepona?"

Anajua. Anajua kila kitu!

Nimekaa jikoni natazama unga. Goodluck akaniambia nikaseme ukweli kwa Filip, nimwambie mbao imepwaya, basi. Ni mtu mwema, mume wangu. Hana mbinu. Mimi nilikuwa natazama unga, naona kitu kingine. Ugali ukiachwa sufuriani unakuwaje? Unashika. Unakuwa saruji.

Mila inataka mtutu ulishwe. Basi utalishwa vizuri upande wa nyuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nitaandika yote.

Chumba kimejaa. Wazee wa Kiswidi wamevaa mashati ya pasi kwa ajili ya mila yangu. Jiko la kuni linawaka. Goodluck na Beverly mstari wa mbele. Wamaitha akaanza. Akaulisha githeri kwa kijiko, akasema maneno ya Kikikuyu (baadaye nimejua alikuwa anataja vituo vya treni ya Thika). Akaulaza kwenye mbao yake, Filip akatikisa. Cha, cha, cha! Nikabana tabasamu. Punje ya mahindi imeingia mdomoni mwa mtutu. Wakaichokoa kwa ufito, akatikisa tena. Kimya. Mbao yake imekaa sawasawa, ya mashine, hakuna nywele inayopita.

Zamu yangu. Mtutu ukafutwa. Nikatoa ugali, wa moto bado. Nikaulisha. Nikasema kwetu na mbao hulishwa, isije ikaona wivu. Nikajaza mfereji upande wa nyuma, nikaulaza mtutu, nikakandamiza, nikafuta kingo kwa kidole. Filip akatikisa. Kimya! Akatikisa tena. Kimya cha kanisani. Akasema zote mbili zimekaa, lakini hii yangu imechongwa kwa mkono, na mbao hii hajawahi kuiona. Mtutu ni wangu.

Makofi. Picha. Kahawa karibu na jiko, kahawa ndefu. Kila mzee akataka kushika mninga wa Baba, nami nikausifia kama mtoto. Kisha Filip akasema haya, tuutoe mtutu ukafungiwe kabatini.

Haukutoka.

Akavuta. Nikavuta. Goodluck akavuta. Umeshika kama jino. Filip akainamia, akanusa, akanitazama. Akaniuliza taratibu, kuna nini humo ndani? Nikasema mila.

Hakucheka. Akasema chuma chenye maji ya chakula kitashika kutu, na hii si mali ya kuchezea. Akaenda kuchukua msumeno mwembamba. Ataipasua mbao kando, mtutu upone.

Hapo, shajara, mbinu zote ziliniisha. Nikaukumbatia ule mninga mbele ya watu wazima. Nikasema yote ni uongo, hakuna mila, umbo la mtutu lililiwa na mume wangu, lakini mbao hii ni ya Baba na mkono wake hauwezi kuandaa nyingine. Nilisema Kiswahili. Hakuna aliyeelewa ila Goodluck, Beverly na Wamaitha.

Wamaitha akanyanyuka. Akampokonya Filip msumeno, akaweka juu ya kabati. Akaniambia kwa ukali, "We mama, sufuria ikishika ukoko kwenu mnaipasua?" Akataka maji ya moto na vitambaa.

Tukakaa chini sakafuni, mimi huku, yeye kule. Vitambaa vya moto kwenye mfereji, tunangoja, tunachokoa kwa kijiti, tunabadilisha. Akawa ananitukana muda wote, kwa upole, kama mtu anayemsuka mwenzake. Kwamba alijua tangu kikohozi. Kwamba githeri limemkosesha usingizi. Beverly akaketi katikati yetu, akala ugali uliotoka. Kisha mtutu ukasema "pwaa", ukatoka.

Mninga haukupasuka. Umevimba. Filip akaukausha mtutu, akaupaka mafuta, akaniambia bila hasira kwamba nimeupoteza. Ni wa Wamaitha. Nikasema ni haki. Nilimaanisha. Nilikuwa nimechoka hata kuona wivu.

Wamaitha akaupima mtutu kwa jicho, akaangalia mbao yake, akaangalia mninga. Akasema mbao yake ni ya duka, hata hajui ilikuwa mti gani. Mninga ukauke hadi Krismasi, tutaziba nyuma kwa kibanzi cha mninga huo huo, na mtutu utalala humo. Gobore moja, majina mawili. Nikalia. Akasema nikiendelea anabadilisha mawazo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemtumia Baba picha, ile ya sakafuni, vitambaa na masizi. Akapiga kwa video. Akaitazama mbao muda mrefu, akagusa kioo cha simu kwa mkono wa kushoto. Halafu akacheka, upande mmoja wa mdomo. Tangu augue sijauona mdomo ule ukicheka!

Akauliza, neno kwa neno, huyo mwenzangu ni nani.

Nikamwambia ni mwanafunzi wangu.

Sijui kwa nini. Limetoka lenyewe. Baba akafurahi sana, akasema nimfundishe vizuri. Goodluck alikuwa amesimama nyuma yangu, akaondoka.

Sasa natafakari. Gobore moja, majina mawili, vizuri. Lakini kibali changu kikitoka, litakaa kwa nani? Filip atataka kuamua kwa haki. Na Filip, shajara, ana udhaifu mmoja: anapenda mila. Lazima ipo mila ya gobore kuchagua nyumba yake. Nikiikumbuka nitakuandikia.

Kaka Yosefu kule nyumbani Sikonge anapakia mzigo wangu wiki ijayo. Vinavyopungua, na asitume pungufu:

Kibanzi cha mninga, urefu wa kiganja, mabaki ya kile kipande, kama yapo darini.
Patasi nyembamba ya babu, ile yenye mpini wa pembe.
Msasa laini, mafungu mawili.
Kanga moja ya Wamaitha, nzuri, lakini isizidi yangu.
Unga wa muhogo, kilo mbili. Ule unaonata kuliko sembe.