Tume ya Hewa na Pipa la Kabichi

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka niliyojipa wakati wengine wakiwa likizo, natangaza kwamba Tume ya Hewa Safi ya karakana yetu imemaliza kazi yake. Mwenyekiti ni mimi, Miloje. Mjumbe ni Obren wa stoo, aliyekubali uteuzi kwa sababu ofisi ya Tume ina jiko la kuota moto.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Fundi Ljubinka, anayekereza vyuma, alikuwa anakohoa. Mashine yake humwagiwa maji ya mafuta ili chuma kisiungue, na chuma kikizunguka, maji hayo hurushwa yakawa ukungu. Ukungu huo aliuvuta yeye, siku nzima, miaka kumi na moja. Daktari akamwambia akiendelea hivyo hadi kiangazi, mapafu yatamwachisha kazi. Tume ikazingatia kuwa haraka haraka haina baraka, ikafungua mafaili mawili.

Mtu atauliza, kwa nini msifungue dirisha? Huyo hakukulia Serbia. Ukifungua dirisha na mlango pamoja inaingia promaja, ule upepo wa kupita ndani ya nyumba, na kila mtoto wetu anajua kwamba unaua. Ulimpinda baba yangu shingo. Ulimng'oa shangazi yake Obren meno. Ukungu wa mafuta haujawahi kushtakiwa kwa lolote.

Ljubinka hakusubiri mafaili. Jumatatu alikuja na pipa la plastiki la kuchachushia kabichi, feni kuukuu ya jikoni, bomba la mashine ya kufulia, na soksi ndefu za nailoni alizozishindilia sufi ya godoro. Feni inavuta ukungu, sufi inaudaka, mafuta yanadondoka chini ya pipa, hewa safi inatoka. Kufikia saa sita mchana alikuwa anapiga mluzi.

Nikafika na muhuri.

"Nani ameidhinisha kitu hiki?"

"Mapafu yangu, Mheshimiwa."

"Na hewa inatokea wapi?"

"Nje. Dirisha nimelifungua kidogo tu."

Obren akajizongea skafu. "Mama yangu! Shingo imeshaanza kukakamaa."

"Wewe ulikakamaa tangu tumboni," Ljubinka akamjibu.

Tume ikakaa palepale, tukiwa tumesimama, na kuamua kwa kauli moja: mtambo unaruhusiwa, ila dirisha lifungwe, bomba lipitishwe kwenye tundu lililopo ukutani, na soksi zichukuliwe kama kielelezo, zitiwe lakiri na kufungiwa kabatini.

"Mzee Miloje, bila soksi pipa halichuji kitu. Na hilo tundu unajua linatokea wapi?"

"Dada, kibali umepewa. Unataka nini tena?"

"Haya. Niandikie basi, na muhuri ugonge."

Nikamwandikia. Naipenda sana sahihi yangu.

Tundu lilitokea ofisini kwangu, nyuma ya kalenda. Kalenda niliitundika mwenyewe kuzuia promaja, kisha nikasahau.

Siku ya kwanza miwani yangu iliingia ukungu, nikadhani ni uchovu wa uongozi. Siku ya pili muhuri ukateleza juu ya karatasi kama sabuni. Siku ya tatu Obren akajiuzulu, kwa barua ambayo wino wake uligoma kukauka. Siku ya nne nikaanza kukohoa. Upande wa pili wa ukuta, Ljubinka alikuwa anaimba.

Nikamwendea. "Fundi, nakufa."

"Peleka malalamiko kwenye Tume."

"Tume ni mimi!"

"Basi uko mikononi mwa wataalamu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eti?"

Nilitaka kumkaripia, nikakohoa hadi machozi yakanitoka. Niliogopa, nakiri, niliogopa kweli. Akaacha utani. Akazima mashine, akanishika mkono hadi kwenye kiti changu, akatoa soksi kabatini na kuvunja lakiri kwa bisibisi. Kisha, bila kibali cha mtu, akafungua dirisha la ofisi, akafungua na mlango.

"Ljubinka! Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Vuta pumzi, mzee."

Upepo ukapita. Nikaikumbatia shingo yangu, nikamwomba marehemu mama radhi, nikasubiri kifo kwa robo saa nzima. Kikohozi kikatulia. Kifua kikafunguka.

Sikufa. Hapo ndipo aibu iliponishika, maana miaka yote aliyokuwa akikohoa, aliyekuwa anakuja kulifunga dirisha lake ni mimi.