Mikono ya Kuongozea

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa karakana anastaafu. Bosi atamtangaza mrithi Ijumaa. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, mpasua mbao mwenye uso mkavu kama mbao zenyewe. Nimemchunguza: mikono yake haisemi lolote. Kiongozi husema kwa mikono! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Mke wangu akauliza kama kuna nyuki chumbani. Damu nzito kuliko ndoa, naona.

Jumanne, 4 Machi
Kasoro ndogo. Msumeno wetu una kelele za kuziba masikio, kwa hiyo mafundi tunaelewana kwa ishara. Nilikuwa namweleza bosi ndoto zangu, nimetanua mikono kwa hisia. Kule kwenye mashine shemeji akadhani natoa kipimo. Akapasua. Kitanda cha mtoto wa mteja sasa kinatosha ukoo mzima. Bosi akashika kiuno. Hata hivyo, kaniangalia muda mrefu sana. Dalili njema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepunguza mbwembwe. Leo nilisimama mlangoni nimekunja mikono kifuani, basi, bosi aone utulivu wangu. Nikasahau kwamba kwetu mikono kifuani maana yake zima mitambo, kazi imekwisha. Msumeno ukanyamaza. Mafundi wakanawa, wakabeba mikoba, wakaniaga kwa bashasha. Ilikuwa asubuhi. Shemeji ndiye aliyewakimbilia barabarani na kuwarudisha. Anajipendekeza tu, yule.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kamtangaza shemeji! Nimeumia, siwezi kuficha. Nilijifanya natafuta kopo la vanishi machozi yasionekane. Kisha shemeji akamwomba bosi jambo moja: niwe msaidizi wake, maana hakuna mtu anayetazamwa na mafundi kama mimi. Bosi akakuna kichwa, akakubali. Shemeji akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nampenda yule mtu, ingawa sitamwambia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu liko wazi: mikono. Kumbe uongozi wote uko kwenye nyusi! Nimeanza mazoezi. Wa kushoto unapanda vizuri, wa kulia bado mvivu. Mke wangu ameniletea dawa ya macho. Jumatatu bosi atajuta.