Mkanda wa Stokingi za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Stokingi za mama zimeshuka tena. Mara ya tano tangu asubuhi! Daktari alipomruhusu kutoka wodini, baada ya lile donge la damu mguuni, alisema azivae kutwa nzima: zile nene za kubana, mpaka juu ya paja. Hakusema zitashikiliwa na nini. Mapaja ya mama yamebaki mifupa. Stokingi zinateremka, zinajikunja chini ya goti, zinakuwa pete.

Muuguzi anayetutembelea nyumbani ameikuta hiyo pete leo. Kanitazama kama mimi ndiye niliyemfunga mama kamba. Kasema pete inazuia damu, afadhali hata mguu mtupu. Tumtafutie mkanda wa stokingi, ule unaovaliwa kiunoni, wenye kamba nne za mpira na vibanio vya kushika soksi. Halafu akauliza: si una mdogo wako fundi cherehani?

Kila mtu anajua nina mdogo wangu fundi cherehani! Tangu mwaka jana anataka mama akaishi kwake. Ana chumba chenye dirisha kubwa linaloingiza jua. Mimi nina mama, basi. Akishona huo mkanda tu, mama atamsifia mikono, na keshoye watafunga mizigo. Nitautafuta mwenyewe. Kimya kimya.

Jumanne, 5 Machi

Maduka mawili ya dawa: hawana. La tatu wakanitolea mkanda wa ngiri. Mwisho nikaingia duka la mavazi ya maharusi. Muuzaji akauliza kiuno cha mvaaji. Sikukipima. Ningempimaje mama bila kuulizwa maswali? Nikasema ni saizi yangu. Kaniangalia juu mpaka chini, akanipongeza kwa ndoa. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Mkanda wenyewe mwekundu. Lesi tupu. Ua la waridi penye kitovu.

Jumatano, 6 Machi

Mama kalitazama lile ua kwa muda mrefu. Kauliza nani anaolewa.

Kusimama tu, mkanda ukaporomoka mpaka vifundoni, na stokingi juu yake. Nikaupunguza nyuma kwa pini tatu. Kamba za mbele nikazikaza mpaka mwisho ili soksi zisithubutu kushuka. Hazikushuka! Nilipiga makofi. Ila mama hakuweza kunyooka. Kaenda chooni ameinama kama mtu aliyedondosha hereni. Aliporudi akaketi, kamba ya nyuma ikafyatuka, kibanio kikagonga kikombe cha chai.

Kikombe kimepasuka mpini. Nimemwambia mama tuko karibu kufaulu.

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Anakuja Jumamosi kumwona mama. Nikasema mama amelala. Mama kutoka chumbani: “Niko macho!”

Nimepata wazo. Marehemu mume wangu alikuwa akishikilia suruali kwa zile kamba za mabegani zenye vibanio. Mpira mpana, mzito, wala haukatiki. Miaka sita nimezitunza kwenye droo. Bado zilikuwa zimejipinda kwa umbo la mabega yake. Nimekaa nazo mapajani kidogo. Kisha nikachukua mkasi wa jikoni, nikazikata.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kavaa mkanda wangu mpya tangu asubuhi. Soksi hazijashuka hata nukta! Nimepita dirishani mara mbili nikitumaini muuguzi atatokea.

Jioni nimemvua. Vibanio vya mume wangu vina meno ya chuma. Vimetoboa stokingi. Kimoja kimetoboa na mama. Pajani kuna alama ya bluu na kidonda kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kutwa nzima.

“Ulikuwa umefurahi, mwanangu,” kasema.

Nimepaka dawa. Sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeficha mikanda yote miwili chini ya godoro, nikamfunika mama blanketi mpaka kidevuni. Mdogo wangu kaingia, kasalimia, kafunua blanketi. Kaona kidonda.

“Dada,” kasema. Basi. Afadhali angefoka.

Katoa futi yake ya fundi, kampima mama nyongani badala ya kiunoni. Kakata kitambaa laini cha pamba, upana wa kiganja, ili mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga na usizunguke. Kamba mbili zikaja mbele na mbili ubavuni, ili mama asikalie kibanio. Vibanio vya plastiki, vya mviringo. Kisha akamketisha mama, ndipo akarekebisha kamba. Za ubavuni akaziachia zaidi, kwa sababu mtu akikaa, paja linavuta. Mwisho akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, vikapita.

Kamuuliza mama anausikiaje.

“Siusikii kabisa,” mama kasema, akatembea mpaka mlangoni akiwa wima.

Nikasema hiyo habari ya vidole viwili nilikuwa nayo mimi zamani. Mdogo wangu akakunja futi yake.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaondoka. Begi moja. Nimemwambia sikutegemea mkanda tu ungenipokonya mama yangu.

Kanishika mkono. “Mkanda hauhusiki. Mimi nikiumia hapa siwezi kukwambia. Unalia kabla yangu.”

Nikalia. Nadhani nilimthibitishia.

Nimetandua kitanda chake. Chumba kinanuka dawa ya kuchua. Nimefungua dirisha, nikalifunga tena.

Jumapili, 17 Machi

Nimemtembelea. Uvimbe wa mguu umepungua. Stokingi ziko juu, zimenyooka kama za mwanafunzi. Anacheka! Mdogo wangu kanipa chai, kasema nije kila nikitaka, kukitokea jambo tuambizane. Nikakubali kwa moyo mmoja. Tena nikaapa.

Lakini nimeona kitu ambacho yeye hajakiona. Fimbo mpya ya mama ni ndefu mno. Bega la kulia linapanda anapotembea. Fundi mzima na hajagundua!

Mdogo wangu akaenda jikoni, mama akasinzia kitini. Nikaichukua fimbo, nikaiweka ndani ya koti, nikaaga.

Mdogo wangu amepiga simu mara tatu. Mama hawezi kwenda chooni, wamepindua nyumba nzima, je, nimeiona fimbo? Nimesema sijaiona, labda watazame uvunguni. Jirani kaniazima msumeno. Kupima hakuna haja, kimo cha mama yangu nakijua. Kesho watashangaa!