Mikonge ya Mzee Ndambuki

Alhamisi, Juni 5
Mzee Ndambuki, babake Kalunde, ananiona mchoraji wa vibao vya kinyozi tu. Ngoja! Nitamchorea shamba lake hapa Ndithini, halafu tuone kama atanikatalia binti. Si picha kavu kama ya simu. Nataka hisia. Milima zambarau, mabua ya mahindi manjano kali, mawingu yanayojipinda. Kalunde amechungulia, akauliza mbona mbuzi ni wa buluu. Nimemwambia ni jioni na wana mawazo.

Jumamosi, Juni 7
Picha imelalia kushoto! Huko kuna nyumba, tangi na zizi. Kulia hakuna kitu. Nimeitazama hadi macho yakauma. Kisha nikapata jibu. Ile safu ya mikonge, iliyo mpakani na jirani Mutuku, nimeisogeza kulia hadi karibu na choo chake. Picha imetulia kabisa. Nina kipaji, lazima niseme.

Jumapili, Juni 8
Nimemkabidhi mzee baada ya ibada, watu wakinywa chai. Ameitazama. Machozi yakamlenga! Akasema hapo ndipo marehemu babake alipopanda mikonge, kabla akina Mutuku hawajaing'oa na kuisogeza. Mutuku alikuwa nyuma yake. Chai yake ilimwagika yote.

Jumatatu, Juni 9
Mzee amepeleka picha kwa chifu iwe ushahidi wa mpaka. Nikaitwa. Nimeeleza kuhusu uzito wa kushoto, utupu wa kulia na hisia za jioni. Chifu akafunga macho. Mutuku akaniuliza, "Kwa hivyo ulisongesha mpaka yangu ndio picha ikae poa?"
Nikakubali. Mzee akachukua picha yake na kuondoka bila kuniaga. Kalunde hashiki simu. Nampenda yule msichana, na leo sijala.

Alhamisi, Juni 12
Kalunde amekuja! Anasema babake hataki kusikia jina langu, lakini picha ameitundika mkabala na kitanda na huitazama kila asubuhi. Amenisihi niende kuwaomba msamaha wazee wote wawili, na nisichore kitu. Nimeahidi.
Ila nimefikiria. Mutuku naye akichorewa shamba lake, atafurahi, ugomvi utaisha, mzee atapoa, nami nitaoa. Nimeanza mchana huu. Mbuzi wa kijani, mbingu ya waridi. Tatizo ni kwamba hii inalalia kulia. Nimesogeza mikonge kushoto kidogo tu, hadi mlangoni mwa zizi la mzee. Imekaa vizuri sana.