Viazi Juu ya Kilima cha Mfu

Jumapili, 5 Mei
Magari manne kwa jirani yangu Ejnar leo. Nimeyaona kwa darubini. Watu huja kutazama kilima chake cha kaburi la kale, kisha huishia barazani kwake wakinywa kahawa. Mimi pia nina kilima! Mfu wangu ana miaka elfu tatu kama wake. Ila changu kifupi, barabarani hakionekani. Tangu mke wangu Maren afariki, wanaoketi mezani hapa ni mimi na mbwa, na mbwa hanywi kahawa.

Jumanne, 7 Mei
Dawa imepatikana. Kilima kirefushwe. Toroli thelathini za udongo kutoka nyuma ya ghala. Mgongo umegoma. Ejnar kapita na trekta, akauliza nafanya nini huko juu. Nikamjibu nanyoosha viungo. Akasema kwa umri wetu watu hunyooshea viungo kitandani. Mjuaji huyo.

Jumatano, 29 Mei
Nimewaita watu wa makumbusho wanipe kibao cha barabarani. Kaja binti mmoja, Bodil. Nimeoka keki mwenyewe. Imezama katikati, nimeifunika kwa krimu. Kufika kileleni, Bodil kainamia majani. Kisha akauliza, kwa upole, kama watu wa kale walilima viazi. Mashina sita, yamestawi! Kumbe pale nyuma ya ghala ndipo nilipolima viazi mwaka jana. Amesema kugusa kilima cha kale ni kosa. Udongo wote niliouongeza uondolewe kwa mwiko mdogo wa kuchimbia, polepole, la sivyo polisi. Keki hakuigusa. Nimeona aibu sana.

Ijumaa, 31 Mei
Ejnar kaja na mwiko wake, bila kuitwa. Anasema mgongo wangu anaujua tangu shuleni. Mkewe Grethe kaleta mkate mweusi na samaki wa siki. Ejnar kamwambia Bodil, aliyekuja kusimamia kazi, kwamba mimi ndiye mkulima wa kwanza kumpikia mfu chipsi. Bodil kacheka mpaka kakaa chini. Jioni vikombe havikutosha, nikatoa vile vya maua vya Maren. Nimelia kidogo nikiviosha.

Jumapili, 9 Juni
Kazi imekwisha. Kilima kifupi tena. Bodil kanipa mkono, kaondoka. Ejnar kasema nikitaka kahawa niende kwake tu, au nimwite, mambo ya vilima niyaache. Nikamwambia nimemwelewa.
Nyumba kimya. Nyuma ya ghala kuna mawe makubwa saba. Yakisimamishwa kwa duara pale malishoni, nani atajua si ya kale?
Kesho naazima trekta ya Ejnar. Akiuliza, nanyoosha viungo.