Orina wa Magunga Yuko Kwenye Simu

Jumatatu, 2 Machi

Siku njema! Bwana Okemwa, mwenye Redio Ghuba, alikuwa akilalamika tena kwamba muziki hauvuti matangazo. Nikamnong'oneza: uchaguzi unakaribia, kila mwaniaji anatafuta mahali pa kusemea. Futa muziki, weka siasa. Aliacha hata kutafuna andazi.

Ninachotaka mimi ni kiti cha mtangazaji wa siasa. Miaka nenda miaka rudi nasoma salamu hapa Suna, kila alasiri, Levi Daktari wa Salamu. Nani amewahi kumwalika daktari wa salamu meza kuu? Hata matangani naketi nyuma, karibu na sufuria. Mtu wa siasa huketishwa mbele na huletewa soda baridi.

Nimenunua koti la mtumba. Mkono mmoja umezidi mwingine urefu. Si kitu, redioni hauonekani.

Jumatano, 4 Machi

Imepita! Kuanzia Ijumaa, muziki kwaheri. Kipindi kipya kitaitwa Kigoda cha Siasa. Koti nimelipiga pasi.

Leo nimewaaga wasikilizaji. Mama mdogo Filister akapiga kutoka Karungu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kazi yake ni kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuoni. Hakunipongeza. Aliuliza sasa nani atamwambia habari za mvua.

Ana neno. Mvua ya kwetu hupitia Magunga kwanza. Orina, fundi wa pikipiki wa huko, hupiga kila alasiri kutuma salamu, na akimaliza kuwasalimu watu wote anaowajua, husema mawingu yamekaaje. Wanawake wa Karungu wakisikia hivyo, wanazoa omena kabla tone halijaanguka. Nikamshauri ampigie Orina mwenyewe. Akaniuliza yeye ni nani wa kumpigia mume wa watu kila alasiri. Nikamwambia asijali, siasa nayo ina mawingu yake. Hakucheka.

Nilicheza rhumba ya mwisho nikaiacha iishe yenyewe. Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Haya ndiyo niliyoyaomba.

Ijumaa, 6 Machi

Kigoda amepewa Mirumbe! Mirumbe msoma habari, mtu ambaye hata akikohoa unadhani anatangaza msiba! Okemwa anasema ana sauti nzito, na siasa inataka uzito.

Mimi nimepewa simu. Wapigaji wakiingia hewani, kazi yangu ni kubonyeza. Hiyo, na chai ya wageni. Nimemimina chai nikiwa na koti langu jipya, mkono mrefu ukazama kwenye kikombe cha mwaniaji. Alisema haidhuru. Aliomba kikombe kingine.

Nilikuwa na kipindi changu. Nimekiua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu, 9 Machi

Lakini mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani! Mwishoni mwa wiki niliwapigia wasikilizaji wangu wa zamani nikawaambia Kigoda kinapokea salamu kama kawaida. Najua watu wetu. Hawamwulizi mtu swali kabla ya kusalimu ukoo wao wote.

Leo mwaniaji alikuwa katikati ya kuahidi lami, akaingia mzee mmoja wa Rongo. Akamsalimu mkewe, mashemeji, mwenye kinu cha unga na mwalimu wake wa darasa la tatu, popote alipo. Swali lake kwa mheshimiwa: je, angependa wimbo gani? Kabla Mirumbe hajapumua, akaingia mama wa Awendo na salamu za kwaya nzima, sauti ya kwanza hadi besi. Mirumbe alilowa jasho. Mimi nilicheka chini ya meza hadi mbavu zikauma.

Okemwa hakucheka. Ametoa amri: anayeanza na salamu akatwe papo hapo. Na mkataji ni nani? Mwenye simu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekuwa hodari wa kukata. Mtu akisema tu "nasalimu", kidole kimeshafika. Okemwa amenisifu mbele ya Mirumbe! Amesema nikiendelea hivi, Kigoda cha Jumamosi huenda kikawa changu. Mirumbe alijifanya anatafuta kalamu.

Kwenye saa tisa aliingia Orina. "Levi ndugu yangu, kwanza nasalimu..." Nikakata. Akapiga tena, akasema leo salamu zake ni fupi. Nikakata. Okemwa alikuwa akitazama kupitia kioo. Nikamwonyesha dole gumba, naye akanionyesha lake.

Baadaye mvua ikashuka juu ya mabati ya studio, kubwa, hata Mirumbe hasikiki. Ndipo nikakumbuka Karungu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimetoka Karungu. Heri nisingeenda. Omena wa mama mdogo wote wamelowa, kazi ya wiki nzima. Sasa ni wa kuuziwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Ufuo mzima ni hivyo, na harufu inakufuata hadi barabarani.

Redio yake ilikuwa imewaka. Siku zote hizi amewavumilia waheshimiwa wakitukanana, akingoja tu sauti ya Orina. Jana aliisikia. "Nilisimama nichukue karai," akaniambia. "Kisha akakatika. Nikaketi tena, nikasema atarudi. Akarudi, akakatika. Levi nyathina, mwanangu, hiyo mashine yenu imeharibika?"

Nikasema ndiyo, ni mashine.

Akanihurumia! Alisema kazi yangu ni ngumu, mitambo mibovu na wakubwa wakali. Akanisongea ugali. Nilikula wote, naye akaniongeza. Naona aibu hata kuandika.

Nimemwahidi kwa jina la marehemu mama: kuanzia leo Orina akiona mawingu atanipigia mimi, simu yangu ya mkononi, nami nitampigia mama mdogo. Orina amekubali. Mama mdogo amefunga simu yake kwenye leso, kiunoni. Ameazima pesa za omena wengine, ataanika kesho asubuhi. Alisema sasa ana mtu wake redioni, hana hofu.

Jumamosi, 14 Machi

Kigoda ni changu! Mirumbe amepewa chai! Naandika haya nikiwa tayari kitini, bado kidogo taa nyekundu iwake. Mkono wa koti nimeupinda kwa pini.

Mada nimeitunga mwenyewe: Nani Amewatelekeza Wanawake wa Omena? Nitawachoma viongozi leo. Nitawauliza wana masikio ya nini, kama mwananchi anaita na hakuna anayeitika. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo hadi machozi yakanitoka. Mama mdogo atajivunia. Baada ya hapa, meza kuu!

Simu yangu inatetemeka mezani. Ni Orina, mara ya pili sasa. Huyu na salamu zake ndefu, namjua, atanimalizia muda. Nimeizima. Nitampigia kipindi kikiisha.